Corolla ya zamani inawaka kwa shida: pima waya kabla ya kununua betri

Wiki iliyopita nilikuwa Njombe kwa shemeji yangu. Corolla 110 yake, injini ya 5A-FE, asubuhi ilikuwa inajivuta, nguu... nguu... nguu, ndipo iwake. Alishanunua betri mpya na stata ya mtumba, na gari likabaki vilevile. Hakuna fundi aliyepima kitu. Hiyo inaniuma, kwa sababu maltimita (kipimo cha umeme) ya bei ndogo ingeokoa hela yote ile.

1. Sikiliza. Injini ikizunguka polepole, shida iko kwenye umeme wa stata. Endelea na hatua ya 2. Ikizunguka kwa kasi yake lakini ikachelewa kuwaka, nenda hatua ya 6.

2. Betri. Pima gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, ichaji kwanza. Iliyojaa, ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, ipeleke ikapimwe kwa mzigo. Gari likishawaka, tegemea 13.8 hadi 14.5.

3. Vichwa vya betri. Spana namba 10, maji ya moto, msasa. Fungua hasi kwanza, uirudishe mwisho.

4. Waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini na gia boksi. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo nenda taratibu.

Usipime kwa taa ya majaribio. Taa inakula umeme kidogo sana, hivyo itawaka hata kama waya umebakiza nyuzi mbili. Kupima ukinzani kwa ohm nako kunadanganya. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 150, na kwa mzigo huo ukinzani wa ohm 0.01 tu unameza volti 1.5. Lazima upime stata ikiwa inafanya kazi.

Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza petroli kwenye injini) ili gari lisiwake. Gia iwe huru, hendibreki juu, mikono na mikono ya shati mbali na feni. Weka maltimita kwenye volti za DC, 20. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri, ile risasi yenyewe, si kichwa cha waya. Nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Ukigusa penye rangi au grisi, namba utakayopata haina maana. Mwenzako apige stata sekunde tano, asizidi kumi, kisha aipumzishe.

Isizidi volti 0.3. Ya shemeji ilisoma 1.9!

Sasa hamisha ile ncha ya pili hatua kwa hatua: kichwa cha waya, kisha mwisho wa waya pale kwenye gia boksi, kisha gia boksi lenyewe. Namba inaporuka, ubovu uko kati ya sehemu hizo mbili. Kwa shemeji iliruka pale kwenye bolti: klachi ilipobadilishwa, waya ulirudishwa juu ya rangi na uchafu. Kwa macho ulionekana mzima na umekazwa vizuri. Tulipiga msasa pande zote mbili hadi chuma king'ae, pamoja na uso wa bolti, tukakaza, ndipo tukapaka grisi juu. Usipake kabla ya kukaza. Tukapima tena: 0.1.

Upande wa chanya pima vivyo hivyo, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata, isizidi 0.5. Bolti hiyo ina umeme muda wote, vua pete na saa.

5. Stata. Waya zote zikiwa safi na bado inajivuta, angalia kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka. Ikigonga "tak" bila kuzunguka, angalia zile shaba mbili ndani ya solenoidi, swichi kubwa iliyo kwenye stata. Mimi hubadilisha vipande hivyo. Stata ya mtumba hujui imebakiza nini.

6. Mafuta. Utaambiwa washa swichi usubiri pampu ijaze. Kwenye Toyota nyingi za umri huu pampu haizunguki mpaka upige stata. Fungua kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kipande cha waya, washa swichi, subiri sekunde tano. Ondoa waya, piga stata. Likiwaka papo hapo, presha ya petroli inashuka usiku: shuku vali ya pampu au nozeli (inayopulizia petroli kwenye injini) inayovuja. Lisipobadilika, fungua plagi.