Jinsi ya kutumia "climb" bila kumpandisha mgeni juu ya paa

Nilipokuwa mgumu (mpagazi wa mlimani) mpya hapa Moshi, nilimwambia mzee mmoja wa Kizungu: "Tomorrow we climb the bus." Akatazama juu kwenye keria, kulikofungwa mabegi, akauliza kama ni lazima. Siku hizi wagumu wanaotaka kuwa waongoza wageni nawafundisha hivi.

Hatua ya 1: Tamka "klaim". Ile b iache kwenye maandishi, hata ukisema climbing.

Hatua ya 2: Jua kilikotoka. Katika Kiingereza cha kale kilikuwa climban, na b ilisikika. Wajerumani na Waholanzi bado wanasema klimmen. Maana ya awali ni kwenda juu kwa kung'ang'ania, yaani ni kitenzi cha mikono. Uliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame unanielewa: pale Ukuta wa Barranco, unapoukumbatia mwamba huku mzigo unakuvuta nyuma, hiyo ndiyo climb yenyewe. Njia ya Marangu ni miguu tu, ndiyo maana wageni wengi huiita hike au trek. (Trek ni neno la Makaburu wa Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Kwa mgumu aliyebeba hema, linamfaa.) Hata hivyo, anayesema climb Kilimanjaro kwa njia yoyote hajakosea.

Hatua ya 3: Igawe "kupanda". Hapa ndipo tunapoanguka. Sisi tunapanda mlima, daladala, mahindi na cheo, na bei nazo zinapanda. Mahindi ni plant. Daladala ni get on, teksi ni get in. Cheo ni get promoted. Bei inaweza kuchukua climb, ila rise haina shida. Climb the bus ni kuparamia bodi lake mpaka juu, kwa hiyo yule mzee alinielewa vizuri kabisa.

Hatua ya 4: Usichomeke on wala the. Ni "climb Kilimanjaro", basi.

Hatua ya 5: Wakati uliopita ni climbed, "klaimd". Zamani walisema pia clomb, waachie washairi. Fanyia mazoezi hii: "Hans Meyer and Ludwig Purtscheller climbed Kibo in 1889." (Kibo ndicho kilele kikuu cha Kilimanjaro.)

Hatua ya 6: Kushuka. Climb down ipo, lakini nayo inataka mikono. Tena ukisema mtu ame-climb down kwenye mabishano, umesema amesalimu amri. Kutoka ncha ya Uhuru juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, ukiteleza kwenye changarawe kuelekea kambi ya Barafu, hakuna cha kushika. Sema go down.