Sauti za herufi kwenye mchanga wa Shela

Enyi wenye watoto wa miaka minne au mitano hapa Lamu, maji yakipwa tu wapelekeni ufuoni. Mchanga mbichi ndio ubao mzuri kuliko wowote. Chora maduara matano makubwa, kila moja na irabu yake: a, e, i, o, u. Mpe mtoto makombe ya baharini, asimame hatua mbili nyuma. Tamka sauti, naye arushe kombe kwenye duara lake. Jicho linapima, mkono unafuata. Kisha aipitishie kidole herufi hiyo, taratibu.

Akizoea, ongeza m. Hapo tamka "mmm", midomo imefumbwa, si "em", ndipo ataunganisha mwenyewe: ma, me, mi. Akikosea, rudia sauti. Tafadhali msimkaripie.