SOMO: Kufunga kamera kwenye nduthi (pikipiki) bila picha kucheza

Kila siku stejini hapa Kondele, Kisumu, naulizwa, "Hiyo kamera ulinunua wapi?" Afadhali mngeniuliza nimeifungaje. Yangu ni ya bei ya chini kabisa, na bado inasoma namba za magari vizuri kuliko kamera za jamaa waliouza mbuzi wawili ili wanunue ya kifahari.

Nilijifunza kwa hasara. Mwaka jana nikishuka kutoka Kiboswa kuja Mamboleo, gari dogo lilinipangusa ubavuni likaenda zake. Sikuumia, ila gadi ilipinda na indiketa ikabaki inaning'inia kwa waya. Jioni nikafungua video nikijua nimemshika. Weh! Barabara inayumba kama uji unaochemka. Herufi ya tatu ya namba inaweza kuwa C, inaweza kuwa G, ukikodoa macho sana hata Q. Kamera ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeifunga kwenye mkono mrefu wa plastiki juu ya usukani.

Kununua

Sitakaa sana hapa. Usibabaishwe na 4K, yaani picha ya ubora wa juu sana, iliyoandikwa kwenye boksi. Kamera ikirekodi megabiti 20 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 9, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 64 inakupa kama saa saba. Ukiiweka 4K ikafika megabiti 60, saa moja ni gigabaiti 27, na hujamaliza asubuhi kadi imejaa. Mimi natumia 1080, ubora wa chini ya hiyo 4K, fremu 60 kwa sekunde.

Hakikisha ina mambo mawili: kurekodi kwa mzunguko, yaani kadi ikijaa inafuta cha zamani yenyewe, na uwezo wa kubadilisha upana wa picha. Ile pembe ya digrii 170 inaonyesha hadi magoti yako, lakini gari lililo mita kumi mbele linakuwa kama kidude cha mtoto. Weka ya kati.

Kadi iwe na alama ya V30, maana yake inaandika angalau megabaiti 30 kila sekunde. Feki ni nyingi. Kabla hujaiamini, ijaze yote kwa kompyuta, kisha ufungue faili la mwisho. Likikataa kufunguka, irudishe kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pasipotetemeka

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Hizi Boxer na TVS zetu zina silinda moja, na silinda moja hupiga kama mtu anayetwanga. Mtetemo huo hausambai sawa. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kibandike kwa kipande cha utepe wa gundi mahali unapopafikiria, tia maji nusu. Washa injini, iache ingurume polepole, kisha pandisha mafuta kidogo kidogo hadi ule mlio wa mwendo wako wa kawaida. Tazama maji. Mahali pengine yanatulia, pengine yanaruka nje kama mafuta yaliyoingiwa na maji.

Kwenye yangu, kwenye shina la kioo cha pembeni maji yaliisha kabla sijahesabu tano. Ncha ya usukani vilevile. Katikati ya usukani, karibu na zile klampu zinazoushika, yalitetemeka kwa mbali tu. Hapo ndipo ilipokaa.

Hatua ya 2: Funga

Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe mara moja tu juu ya chuma, kisha kaza klampu juu yake. Mara moja. Ukizungusha mara tatu ukidhani unaongeza ulaini, kamera itaanza kucheza juu ya raba. Mkono uwe mfupi iwezekanavyo, kwa kuwa kila kiungo unachoongeza kinakuza mtetemo. Bolti zipake tone la rangi ya kucha. Rangi ikikauka, bolti hazilegei ovyo. Nilipoiazima, mke wangu alidhani nimeanza mambo mengine.

Halafu kamba ya usalama. Nenda Dunga, waombe wavuvi kipande cha mshipi wa nailoni, ule wa sangara. Funga kamera kwenye usukani kwa mshipi huo, ukiwa mfupi usifikie gurudumu. Klampu ikivunjika, kamera inaning'inia badala ya kukanyagwa na matatu.

Sasa geuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Waya wa klachi ukigusa kamera, au breki ikikwama hata kidogo, fungua uanze upya.

Hatua ya 3: Umeme

Betri ya ndani ya kamera ndogo haivuki saa moja na nusu hivi, kwa hivyo utahitaji chaja ya kushusha volti 12 hadi 5. Usiuibe umeme kwenye taa ya mbele. Pikipiki nyingi ndogo, taa hiyo hulishwa moja kwa moja na stata, yaani kile kizalishi cha umeme kwenye injini, ndiyo maana inafifia injini ikipungua. Tafuta waya unaopata umeme swichi ikifunguliwa na kukatika ikifungwa, kisha weka fyuzi ya ampea 2 karibu na mahali unapochukulia. Ukiunga betri moja kwa moja na kusahau, asubuhi utasukuma.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kuamini

Mwambie mwenzako apite mbele yako mchana, kisha usiku. Soma namba yake kwenye simu ya skrini kubwa. Usiku taa huenda zikaifanya namba iwe doa jeupe. Punguza mwangaza kwenye mipangilio ya kamera hatua moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Bungoma: Mkubwa, si nitumie tu simu yangu kwenye usukani?
Jibu: Ukiwa na simu ya zamani usiyoihurumia, sawa. Zile zenye lenzi inayojituliza yenyewe, mtetemo unaweza kuiharibu. Kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2021 kuhusu iPhone na pikipiki zenye injini kubwa. Injini yetu ni ndogo, lakini iko kazini kutwa.

Kakamega: Mvua ya huku hainyeshi kwa miadi. Kamera imeandikwa haiingii maji, mbona yangu imekufa?
Jibu: Pole ndugu. Ulikuwa unaichaji? Ukifungua kile kifuniko cha chaja, uwezo wa kuzuia maji umekwisha. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa waya, funga kifuniko, uendelee na betri ya ndani.

Nakuru: Gundi ya kubandika kwenye tangi imenitoka mara mbili. Tangi nalisafisha vizuri na polishi.
Jibu: Hiyo polishi ndiyo adui. Futa kwa spiriti, subiri pakauke, bandika, ukandamize kwa nguvu, na usiitumie hadi kesho yake, saa 24 kamili. Na tukiwa bado Nakuru: ukipita karibu na kambi ya jeshi kule Lanet, zima kamera kabisa. Usingoje kuulizwa.

Kisumu, Nyalenda: Kaka, mimi ni abiria. Mnaturekodi halafu mnatuweka TikTok?
Jibu: Dada, una haki ya kukasirika. Sura yako ni taarifa yako binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, na mwenye boda hana ruhusa ya kuifanya kichekesho. Yangu inatazama mbele tu, na nimezima maikrofoni. Ukipanda kwa mwingine, muulize kabla hajakupa helmeti.

Ahero: Asubuhi nikielekea mashariki jua linaniziba picha yote. Nifanyeje?
Jibu: Inamisha kamera kidogo, anga iwe robo tu ya picha. Kisha kata kipande cha plastiki nyeusi ya ndoo, upana wa vidole viwili, ukibandike juu ya lenzi kama ukingo wa kofia. Kikionekana kwenye picha, punguza kwa wembe kidogo kidogo hadi kipotee. Changu nilikipunguza mara nne.