Nyumba ya bibi isivuje joto: mwongozo kwa vikundi vya kujitolea Makete na Njombe

Kuanzia Juni hadi Agosti, Makete na sehemu za juu za Njombe huamka na sakitu juu ya majani. Vikundi vya kujitolea hukimbilia kugawa mablanketi, na blanketi halikataliwi. Ila katika nyumba ya tofali isiyo na dari, joto hupanda, hukuta mwanya kati ya ukuta na bati, likatoka. Anzieni juu. Kazi ya chumba kimoja inawatosha watu watano kwa siku moja, mbali na muda wa udongo kukauka. Fanyeni Mei, mvua zikikatika. Udongo uliopakwa Julai hukawia kukauka na huongeza ubaridi ndani.

Swali la kwanza

Orodha ya walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ni pa kuanzia, lakini balozi wa nyumba kumi ndiye anayejua ni bibi yupi analala na wajukuu pembeni ya mafiga. Nendeni naye, mpige hodi, mtoe shikamoo, kisha muulize: moto unawashwa chumba gani?

Jibu hilo ndilo linaloamua kazi. Chumba kinachowashwa moto, uwe wa kuni au jiko la mkaa, hakizibwi juu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mwanya uleule unaoingiza baridi ndio unaoipunguza. Mkiuziba na jiko likabaki ndani, mnaweza kuua. Watu wa nyumba moja wakiamka wote wanaumwa kichwa na kichefuchefu, msikimbilie kusema malaria: watoeni nje kwanza, kisha zahanati. Penye chumba kimoja tu cha kupikia na kulalia, achaneni na dari. Tengenezeni mlango na kitanda, basi.

Kutafuta upepo

Mchana, fungeni mlango na dirisha, msimame gizani. Panapopenya mwanga panapenya upepo. Mianya isiyoonekana inatafutwa kwa kijiti cha udi: kipitisheni polepole kandokando ya fremu, na moshi unapolala upande, wekeni alama ya chaki.

Mwanya wa juu ya ukuta

Kosa la kila kikundi kipya ni kubandika udongo moja kwa moja kwenye bati. Bati hutanuka juani na kunywea usiku, upepo nao hulitikisa, udongo ukaanza kudondoka. Sokomezeni vipande vya gunia kwenye mikunjo ya bati, kisha chini yake ndiyo mzibe kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole. Uwiano unategemea udongo wa hapo. Pakeni kiraka cha ukubwa wa kiganja, kikauke: kikipasuka, ongezeni mchanga, kikipukutika ukikikwaruza kwa kucha, ongezeni udongo. Lowesheni ukuta kabla ya kupaka, la sivyo tofali kavu litanyonya maji na udongo utabanduka.

Dari ya magunia

Kwa chumba cha futi 9 kwa 9:

- mbao 6 za 2x1, urefu futi 10
- magunia 20 ya kilo 100, yaliyofumuliwa yakawa shuka
- misumari ya nchi 3 nusu kilo, na ya nchi 1 nusu kilo
- vizibo vya soda 150, na waya wa kufungia

Simamisheni mbao kwa ubavu, ncha zikalie ukuta, moja hadi nyingine futi 2. Katikati zifungeni kwa waya kwenye kenchi, yaani mbao za paa, zisibonyee. Tabaka moja la magunia linapigwa juu ya mbao, la pili chini yake. Hewa iliyonaswa katikati ndiyo blanketi lenyewe. Kila msumari upite kwanza kwenye kizibo cha soda, maana kichwa chake peke yake huchana gunia. Shuka zilaliane nchi 4.

Turubai la nailoni linavutia kwa sababu ni jepesi kufunga. Msilitumie. Bati hutoa jasho alfajiri, maji yatatuama juu ya nailoni hadi siku yamwagikie kitandani. Gunia lililofumwa linapumua. Magunia ya mbolea au ya dawa za mimea kataeni hata yakiwa ya bure. Maranda ya viwanda vya mbao nayo yabaki hukohuko: cheche moja ya mshumaa inatosha.

Acheni tundu la nusu tofali chini ya dari, upande usiopigwa na upepo. Bila hilo, unyevu wa pumzi utaota ukungu ukutani.

Mlango na kitanda

Kateni tyubu ya gari upana wa nchi 4, muipigilie chini ya mlango kwa ndani, juu yake mkikandamiza kwa ubao mwembamba. Iguse sakafu tu. Ikiburuta, mwenye nyumba ataing'oa kabla ya Jumapili, na atakuwa na haki.

Kitandani, baridi hutoka chini kuliko watu wanavyodhani, hasa godoro likiwa limelala sakafuni. Maboksi makavu matabaka matatu chini ya godoro yanasaidia kuliko blanketi la tatu juu. Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi inafaa miguuni, ila maji yasiwe yanayochemka: plastiki hujikunja na ngozi ya mzee huungua upesi. Kwa mtoto mchanga, itoeni kabla hajalazwa.

Rudini baada ya wiki moja, jioni, wakati wa kuota moto. Angalieni panya, magunia yaliyochanika, na kama jiko limehamia kwenye chumba mlichoziba. Likiwa limehamia, toboeni tundu la pili siku hiyohiyo, na msiondoke kabla jiko halijatoka nje.