Namna ya kusoma takwimu za mechi ya kikapu ya zamani: Pistons 19, Lakers 18

Kwenye meza ya takwimu tumezoea jedwali lenye kila kitu: ribaundi (mpira uliodakwa baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi iliyozaa kikapu), mipira iliyoporwa, dakika za kila mchezaji. Ukifungua jedwali la miaka ya mwanzo ya kikapu cha kulipwa Marekani unakutana na safu chache tu, na wengi wanaishia kusoma matokeo na kuliacha. Wanapoteza mengi. Hizo safu chache, ukizifanyia kazi vizuri, zinakueleza mechi nzima.

Tutatumia mechi moja, ya tarehe 22 Novemba 1950. Fort Wayne Pistons walisafiri hadi Minneapolis kucheza na Lakers, mabingwa watetezi wa NBA, ligi ya kikapu cha kulipwa ya Marekani, wakashinda 19-18. Hadi leo hakuna mechi ya NBA iliyokuwa na pointi chache zaidi ya hiyo. Chukua karatasi au fungua Ekseli tufanye pamoja.

Hatua ya 1: Andika robo kwanza, wachezaji baadaye

Fort Wayne: 8, 3, 5, 3. Jumla 19.
Minneapolis: 7, 6, 4, 1. Jumla 18.

Sasa jumlisha kadiri robo zinavyokwenda. Mwisho wa robo ya kwanza Pistons wanaongoza 8-7. Mapumziko, Lakers 13-11. Mwisho wa robo ya tatu, Lakers 17-16. Ina maana dakika 12 za mwisho zilitoa pointi 4 tu kwa timu zote mbili, na Lakers, wakiwa nyumbani kwao, walipata 1. Kikapu kilichoamua mechi alikifunga Larry Foust wa Pistons sekunde za mwisho.

Hatua ya 2: Hakikisha hesabu inafunga

Hatua hii usiiruke kamwe. Majedwali ya zamani yamenakiliwa kwa mkono mara nyingi na makosa yanaingia kirahisi. Mwaka 1950 mtupo wa pointi tatu haukuwepo NBA (ulianza msimu wa 1979-80), hivyo hesabu ni nyepesi: vikapu vya uwanjani mara mbili, ongeza mitupo huru iliyoingia (mitupo ya adhabu baada ya faulo, pointi moja kila mmoja).

Lakers: vikapu 4 kati ya mitupo 18, mitupo huru 10 kati ya 17. Nane na kumi, 18.
Pistons: vikapu 4 kati ya mitupo 13, mitupo huru 11 kati ya 15. Nane na kumi na moja, 19.

Imefunga. Na tayari kuna jambo: vikapu vya uwanjani vililingana, 4 kwa 4. Pointi moja iliyowatenganisha ilitoka kwenye mstari wa mitupo huru, ambako Lakers walikosa 7 na Pistons wakakosa 4.

Hatua ya 3: Pasipo na takwimu, acha wazi. Usiandike 0

Mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa NBA ilianza kuihesabu msimu wa 1973-74. Dakika za mchezaji zilianza 1951-52. Ribaundi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, msimu huohuo wa 1950-51. Ukijaza sifuri kwenye safu ya mwaka 1950 ambayo haikuhesabiwa, Ekseli itazichukua sifuri hizo kama takwimu halali na wastani wako wote utaharibika. Kisanduku kitupu hakiingizwi kwenye wastani. Sifuri inaingizwa.

Kwa sababu hiyohiyo usilazimishe kanuni za kisasa za kukadiria idadi ya mashambulizi, yaani mara ambazo timu ilikuwa na mpira. Zinahitaji mipira iliyopotezwa na ribaundi za ushambuliaji, na jedwali hili halina.

Hatua ya 4: Asilimia

Lakers uwanjani 4/18, asilimia 22.2. Pistons 4/13, asilimia 30.8. Mitupo huru, Lakers asilimia 58.8, Pistons 73.3.

Hatua ya 5: Mgao wa mchezaji

Hapa anaingia George Mikan, mchezaji wa kati (senta) wa Lakers, mchezaji aliyetawala ligi miaka ile. Alifunga pointi 15: vikapu 4 na mitupo huru 7. Gawanya 15 kwa 18, unapata asilimia 83 ya pointi za timu yake.

Usiishie hapo. Mtoe Mikan kwenye jedwali uone kinachobaki. Vikapu vyote 4 vya Lakers ni vyake. Alirusha mara 11 kati ya 18, kwa hiyo wenzake walirusha mara 7 na hakuna hata mmoja ulioingia. Pointi zao zote ni 3, za mitupo huru. Upande wa pili aliyeongoza ni John Oldham, pointi 5. Kwangu mimi jedwali lote limebebwa na hesabu hii ya kutoa. Msimu ule Mikan alikuwa na wastani wa pointi 28.4 kwa mechi. Kocha wa Pistons, Murray Mendenhall, aliwaagiza vijana wake washike mpira tu, kwa kuwa Mikan hawezi kufunga asipoupata. Mashabiki walizomea, lakini sheria haikukataza.

Hatua ya 6: Pima kasi

Jumlisha mitupo ya uwanjani: 18 na 13 ni 31. Mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Gawanya kwa 31 unapata takriban 93. Mtupo mmoja kila dakika moja na nusu!

Sasa ifanye hesabu hiyo kinyumenyume. Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, aliona mechi nzuri huwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, jumla 120. Sekunde 2,880 gawanya kwa 120 ni 24. Saa ya sekunde 24, inayoilazimisha timu yenye mpira kurusha kabla muda huo haujaisha, iliingia NBA msimu wa 1954-55, na wastani wa timu ukapanda kutoka pointi 79.5 hadi 93.1 kwa mechi.

Hatua ya 7: Linganisha kwa dakika zilezile

Wastani wa ligi msimu wa 1950-51 ulikuwa takriban pointi 84 kwa timu, kwa hiyo 18 na 19 zinashtua zenyewe. Ila matokeo mengine yanajificha. Tarehe 6 Januari 1951 Indianapolis Olympians waliifunga Rochester Royals 75-73. Inaonekana ya kawaida, sivyo? Ilichezwa dakika za nyongeza mara sita, dakika 5 kila mara: 48 na 30 ni 78. Zidisha 75 kwa 48, gawanya kwa 78: pointi 46. Rochester wanapata 45. Kwa hiyo kabla ya kuweka mechi mbili za zamani kwenye safu moja, andika kwanza kila moja ilichezwa dakika ngapi.