Kumtafutia mzee wa Alzheimer nyumba ya kulelewa Mombasa: asubuhi haikwambii kitu, nenda magharibi

Mimi ni nasi (muuguzi), miaka 11 sasa kazi yangu ni wazee, sana sana wale waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Nimefanya shifti ndani ya nyumba za wazee na siku hizi nazunguka majumbani, Kisauni, Majengo, Likoni, popote nikiitwa. Simu ninayoipata kila mara ni hii: "Sista, mamangu amenishinda, nimpeleke wapi?" Na nyumba za kulelea wazee hapa kwetu si nyingi, zile zinazoijua Alzheimer ndo chache zaidi, kwa hivo mtu akisikia mahali pana kitanda kitupu anatuma dipoziti kwa M-Pesa siku hiyo hiyo kabla hata hajaona choo kikoje. Ngoja kwanza.

Hatua ya 1: daktari kabla ya nyumba

Alzheimer ni aina moja ya dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau, na ndiyo inayopata watu wengi zaidi, na inakuja polepole, miaka na miaka. Sasa kama mzee alikuwa mzima Ijumaa alafu Jumatatu hajui yuko wapi, usikimbilie kuiita Alzheimer, na kwa mganga pia tulia. Huenda ni maambukizi ya mkojo, huenda ameishiwa maji mwilini na joto letu hili, huenda sukari imeshuka ama kuna dawa mpya imemgonga. Mwambie daktari apime pia thairoidi na vitamini B12. Nishaitwa kwa bibi ambaye wanawe walikuwa washamtafutia nyumba, kumbe ni mkojo tu, alipomaliza dawa akaanza kuuliza ni nani aliyechukua sufuria zake.

Na hapo hapo, kama kuna mambo ya nyumba, shamba au akaunti ya benki, mwiteni wakili mapema, mzee angali aelewa anachotia sahihi. Akishafika mbali itabidi mwende kotini, na kotini mwajua wenyewe.

Hatua ya 2: andika karatasi moja

Kabla hujapiga simu hata moja, kaa chini uandike huyu mzee ni nani. Alifanya kazi gani, apenda kuitwa nani, aamka saa ngapi, aogopa nini, chai yake ni ya rangi au ya maziwa, aswali vipi, ni nani aruhusiwa kumuogesha. Mama mtu mzima aliyevaa buibui maisha yake yote ukimpa kijana wa kiume amvue nguo atapiga ngumi, alafu kwenye faili wataandika "mgonjwa mkali". Si mkali, ana haya zake.

Lugha nayo iandike, usidharau. Ugonjwa huu unakula vitu vya juzi kwanza na vya zamani vinabaki, mzee anaweza kupoteza Kiingereza chake chote cha ofisini akabaki na Kidigo cha mamake. Nakumbuka mhudumu mmoja mgeni wa pwani, msichana mzuri tu, alimwambia bibi wa Mji wa Kale "kuja hapa", bibi akanuna mpaka usiku. Kwetu mtu mzima haambiwi kuja, aambiwa njoo mamangu, karibu. Ndiyo maana wanaoniambia watampeleka mzee Nairobi na treni ya SGR kwa sababu huko nyumba ni nyingi, mimi huwauliza: nani atamuelewa, na nani atamtembelea?

Hatua ya 3: simu na makaratasi

Hii fupi. Uliza leseni ya nyumba ni ya nani na inaisha lini, uliza nasi wao wana leseni ya Baraza la Wauguzi iliyo hai, na uombe uione kwa macho, leseni ina tarehe. Uliza daktari huja mara ngapi na mzee akizidiwa usiku wanampeleka hospitali gani kwa gari gani. Hakikisha pia usajili wa mzee wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa, ile ya zamani ya NHIF iliisha Oktoba 2024 na kuna wazee wengi bado wana ile kadi ya zamani mfukoni wakidhani ni kitu. Anayejibu kwa ukali kwenye simu mkate jina, akikukalia hivo wewe unayelipa itakuwaje kwa mzee asiyeweza kusema.

Hatua ya 4: mchana, tumia pua na macho

Mara ya kwanza watakupa miadi saa nne asubuhi, sakafu imepigwa deki, wazee wamepakwa mafuta wanametameta. Nenda, lakini jua unaonyeshwa sebule. Harufu ya mkojo kidogo si kosa, hao ni wazee, ila harufu nzito ya kila mahali ni daipa zisizobadilishwa, na harufu ya dawa ya sakafu inayokuchoma macho pia nina wasiwasi nayo.

Tazama jagi la maji. Liko karibu na mkono wa mzee pamoja na glasi, ama liko juu ya kabati? Mtu wa Alzheimer husahau kiu, haombi maji, ni lazima apewe, na kwa joto la Februari siku mbili zatosha kumwangusha. Uliza tangi lao la maji ni kubwa kiasi gani na mifereji ikikauka hungoja bauza (lori la maji) kwa siku ngapi, manake nyumba ya wazee isiyo na maji Mombasa ni msiba. Stima ikipotea feni zazungushwa na nini?

Alafu sakafu. Mkeka mweusi mlangoni yeye anaweza kuuona kama shimo na asipite kabisa, mtadhani ni ubishi. Vigae vinavyong'aa aviona kama maji. Kioo kikubwa chumbani chaweza kumfanya apige kelele kuna mwanamke ameingia. Mlango wa choo uwe na rangi yake au picha, mzee asihangaike. Nyumba wanaoijua kazi hii hawangoji uwaulize haya, watakwambia wenyewe kwa nini kioo kimefunikwa leso.

Hatua ya 5: rudi magharibi, usiwaambie

Kama una nguvu ya hatua moja tu, fanya hii. Wazee wengi wa Alzheimer huchafuka jua likizama. Giza likianza kuingia wanakosa utulivu, wanatembea huku na huku, wanalia, wanataka kwenda kwao hata kama wako kwao. Na saa hiyo ndiyo shifti ya mchana inaondoka, wa usiku hawajafika wote, mpishi ana haraka. Nyumba yoyote ni nzuri saa nne asubuhi. Wewe nenda saa kumi na mbili na nusu jioni, beba ndizi uwe na sababu, kaa kwenye kiti utazame.

Kuna nyumba moja niliwahi kushika shifti, jina siitaji, azana ikianza babu mmoja aliyefanya kazi bandarini alikuwa anakwenda getini na kofia yake, anataka kutoka, meli yake imefika. Askari alikuwa anampigia kelele, "Mzee rudi ndani, huna kazi wewe, ulistaafu zamani!" Babu anatetemeka, anashika komeo, wanakuja watu wawili wanamburura, usiku apewa sindano ya kumtuliza. Kila siku. Nilisema nikaambiwa mimi ni wa shifti tu.

Wanawe wakamhamisha. Huko alikokwenda nikamtembelea, saa ile ile, kofia ile ile, getini vile vile. Yule dada wa zamu akatembea naye pole pole, hakumshika mkono, akamuuliza, "Babu, maji yamejaa?" Babu akasimama akafikiri. "Bado." "Sasa meli itatokaje na maji yametoka? Twende tupate kahawa, yakijaa tutaitwa." Wakarudi, akapewa kahawa chungu na kashata, akaanza kumfundisha dada namna ya kufunga kamba ya meli kwa kutumia ncha ya leso yake. Geti pia lilikuwa limefungwa, sikatai, na ni lazima lifungwe, mzee wa kusahau akishika njia ya feri hujui mtamuokota wapi. Ila hakulazimika kupigana nalo.

Hatua ya 6: usiku, na hiyo sindano

Uliza swali hili hivi hivi: leo usiku saa nane, ni watu wangapi wako macho na wazee ni wangapi? Usikubali "wako wa kutosha". Taka hesabu. Mmoja amelala kwenye kochi na wazee 20, hapana.

Kisha uliza mzee akisumbua mnampa nini. Dawa za kutuliza akili, haloperidoli na ndugu zake, zipo na kuna wakati daktari aziandika kwa haki, lakini mwaka 2005 FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, walitoa onyo kali kuhusu zile mpya mpya kuwa zaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia, na 2008 onyo likafika mpaka za zamani. Kwa hivo mwandikishe kwenye mkataba kwamba hakuna dawa kama hiyo bila daktari kuandika na bila nyinyi kupigiwa simu.

Hatua ya 7: pesa

Bei ya mwezi si bei. Daipa, dawa, daktari, kufua, gari la hospitali, uliza kimoja kimoja kipo ndani au nje, kiandikwe, na dipoziti hurudi vipi mzee akitangulia mbele ya haki, samahani lakini uliza. Kaeni ndugu wote mkubaliane nani atoa ngapi, na wa Dubai asiseme tu "tuko pamoja". Majirani watasema mumemtupa. Kifungu cha 57 cha Katiba chasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali, hakisemi ni lazima iwe kwenye chumba chako cha nyuma na wewe hujalala miezi 6.

Hatua ya 8: akishahamia

Mpelekee mto wake, leso zake, redio yake, udi kama alizoea. Wiki za mwanzo atachafuka zaidi, ni kawaida. Tembelea saa tofauti tofauti, wasikuzoee, na kila ukienda mpime kwa macho: nguo zimeanza kumpwaya? Kucha? Muombe nasi mumgeuze pamoja, uangalie visigino, nyonga na mkiani kama vidonda vya kulalia vinaanza. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, tafuta mahali palipokuwa peusi kuliko kwengine, pana joto au pamekuwa pagumu. Ukipaona waambie saa hiyo hiyo, na uulize wanamgeuza kila baada ya saa ngapi na wanaandika wapi.