Kabla hujajaza fomu ya klabu: kwa mnaosoma afya chuoni

Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, kila meza ina fomu na kila mwenye meza anakuita kwa jina la heshima. Usijaze siku hiyo. Ichukue, nenda nayo bwenini, subiri ratiba ya vipindi. Mwaka wa kwanza wa udaktari utakutana na anatomia, fiziolojia na baiokemia, na hakuna somo hata moja kati ya hayo linalokubali kuwekwa kiporo.

Tarehe za majaribio na za UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zibandike ukutani. Soma kanuni za mahudhurio, maana safari ya klabu haikufidii praktiko uliyokosa. Uliza michango na sare ni shilingi ngapi. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lina kazi zake tayari.

Kisha jiulize kama shughuli hiyo itakupumzisha au itakuongezea kazi. Hapa ndipo watu wa afya tunapoumia. Kupima presha na sukari sokoni siku ya Jumamosi ni jambo jema sana, lakini kichwa kinabaki wodini. Kwaya au netiboli inakutoa huko.

Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa mchezaji mzuri wa netiboli. Mwaka wa pili akachaguliwa mweka hazina wa klabu yetu ya afya, akaacha mpira ili apate muda. Upimaji mkubwa ukapangwa wiki mbili kabla ya jaribio la famakolojia. Mfadhili akasogeza tarehe, ukaangukia Jumamosi, siku mbili kabla ya jaribio la Jumatatu. Asingeweza kujitoa: fedha alisaini yeye. Jumamosi nzima alikuwa juani na mashine ya presha. Jumapili nilimkuta kitandani amezungukwa na risiti, nyingine za bodaboda zimeandikwa kwenye vipande vya daftari, nyingine zimechanganyika na noti zake za dawa za moyo. Hesabu ilipungua, na viongozi wenzake hawakupokea simu. Alikesha. Jumatatu alisoma swali la kwanza mara nyingi bila kulielewa. Alama zile hazikufidika, akapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Likizo ambayo wenzake walikuwa nyumbani, yeye alikuwa maktaba, na vyuo vingi hata ukifaulu sapu hupewi zaidi ya C. Hakuna aliyemwomba radhi, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo, ukipewa cheo, uliza kabla ya kusema ndiyo: nani atanishikia nikiwa na mtihani? Tarehe ikibadilishwa, nina haki ya kukataa? Fedha zinasainiwa na wangapi? Wakikujibu "tutasaidiana tu", kataa. Uanachama wa kawaida unatosha.

Ila usikimbilie upande wa pili ukaacha kila kitu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani walau dakika 150 kwa wiki, nasi tunawahubiria wagonjwa hivyo hivyo. Chagua shughuli moja ya mwili au ya moyo, uilinde. Ukifika miaka ya kliniki, rotesheni, yaani kuhamishwa wodi hadi wodi, na zamu za usiku zitavuruga ratiba. Mwambie kapteni wako mapema, asikutegemee siku usiyokuwepo.

Lala. Ulichosoma hujipanga kichwani ukiwa usingizini. Ukiona siku zinapita hulali, huli, unalia bila sababu au huoni faida ya kuendelea, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi wiki hiyohiyo. Usijitibu, na usiombe dawa za usingizi kwa rafiki aliyeko famasi.

Makundi ya WhatsApp ya kamati yanyamazishe wakati wa mitihani. Vinywaji vya kuongeza nguvu punguza. Mikutano ya usiku omba ihamishiwe jioni, na ukichelewa usirudi peke yako. Usisaini fedha ambazo hujazihesabu kwa mkono wako, hata kama anayekuletea ni rafiki.